Malcolm Kerr na Siasa za Undugu wa Kiarabu

Katika mihadhara mingi ya uhusiano wa kimataifa, mataifa ya Kiarabu hutajwa kama uwanja tu wa mvutano wa Marekani na Urusi. Malcolm Kerr, aliyezaliwa Beirut mwaka 1931 baba yake akifundisha Chuo Kikuu cha Marekani mjini humo, hakukubali kuyasoma hivyo. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu fikra za wanamageuzi wa Kiislamu Muhammad Abduh na Rashid Rida, na nadhani ndiyo iliyomfunza kuwasikiliza Waarabu wakibishana wao kwa wao.

Matunda yake ni The Arab Cold War (1965), kitabu chembamba chenye hoja nzito: wito wa umoja ndio uliowagombanisha. Kerr anaonyesha hilo kwa kumbukumbu za mazungumzo ya Cairo ya Machi na Aprili 1963, ambazo Misri yenyewe ilizichapisha ili kuwaumbua wenzake. Chama cha Baath kilikuwa kimetwaa madaraka Iraq na Syria, na wajumbe wakaja kuomba muungano. Rais Nasser wa Misri akawabana kwa saa nyingi: nani aliuvunja ule wa Misri na Syria wa 1958, uliokufa 1961? Hakuna aliyemwamini mwenzake, lakini tarehe 17 Aprili wote wakatia saini. Julai Nasser akajitoa.

Wapo watakaosema kaulimbiu ya umoja ilikuwa pazia tu, na kiini ni kugombea ukubwa. Basi kwa nini watie saini jambo wasilolitaka? Kwa sababu hakuna aliyethubutu kuonekana na raia wake kuwa ndiye aliyeukataa umoja. Anayebeba kaulimbiu yako anaweza kuzungumza na watu wako bila kukuomba ruhusa, na Cairo ilikuwa na redio ya kufanya hivyo. (Redio hiyohiyo ilitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, ikawakera wakoloni wa Afrika Mashariki.) Hata mwanazuoni Stephen Walt, anayepima miungano kwa vitisho, alikiri mwaka 1987 kwamba umoja wa Kiarabu ulikuwa itikadi ya kutenganisha.

Kasoro ya Kerr ni kubaki mno na viongozi. Mkulima wa Syria na askari wa Misri aliyepelekwa vitani Yemen hawasikiki.  Kerr mwenyewe alirudi Beirut mwaka 1982 kuongoza chuo alichokulia, na tarehe 18 Januari 1984 akapigwa risasi nje ya ofisi yake.

Hoja yake haikuzikwa naye. Juni 2017, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, wakati Qatar na tatu kati ya hizo ni wanachama wa Baraza la Ushirikiano la Ghuba. Miongoni mwa masharti 13 waliyoitolea Qatar, moja lilitaka kifungwe kituo chake cha habari, Al Jazeera, kilichowafikia raia wao kama redio ya Cairo enzi zile. Walipatana mjini Al-Ula Januari 2021, na kituo hicho kiliendelea kutangaza.