Mlango wa Samoa: serikali mbili mbele ya gripe ya mwaka 1918

Mwaka wa 1918, vita kubwa ya Ulaya ilipokuwa karibu kuisha, ugonjwa wa gripe, ndiyo mafua makali yenye kushika mapafu, ulizunguka dunia yote. Uliua mamilioni na mamilioni ya watu, kupita hata vita yenyewe. Serikali nyingi zilijikuta mikono mitupu. Dawa ya kuuponya ugonjwa haikuwako, wala chanjo yenye nguvu haikuwako. Asili yake haikujulikana: virusi vya gripe ya watu vilikuja kuvumbuliwa mwaka wa 1933 tu.

Juu ya hiyo wengi husema: «Serikali ingeweza kufanya nini? Yalikuwa mapenzi ya Mungu.» Sisi tunaonelea kwamba neno hilo hutamkwa upesi mno. Tutazame habari za inchi moja iliyogawanywa katika sehemu mbili. Watu wake walikuwa wa kabila moja, wa lugha moja, wa desturi moja. Katika sehemu ya kwanza, karibu mtu mmoja kati ya watano alikufa. Katika sehemu ya pili, gripe haikuua hata mtu mmoja. Tofauti hiyo ilitoka wapi?

I. Inchi na wakubwa wake

Samoa ni visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwaka wa 1899 mataifa makubwa yalipatana kuvigawanya: visiwa vya magharibi, pamoja na mji wa Apia, vikawa vya Wajerumani; vile vya mashariki, pamoja na bandari ya Pago Pago, vikawa vya Wamarekani. Vita ilipoanza, tarehe 29 Agosti 1914, askari wa Nyuzilandi walifika Apia na kushika sehemu ya Wajerumani. Koloneli Robert Logan akawekwa kuitawala. Kule mashariki aliyetawala ni Komanda John Poyer, afisa wa jeshi la bahari la Marekani. Sehemu ya magharibi ilikuwa na watu kama 38.000, ile ya mashariki ilikuwa na watu kama 8.000.

II. Ugonjwa usioandikwa katika sheria

Mwezi wa Oktoba 1918 gripe kali iliingia katika mji wa Auckland, bandari kubwa ya Nyuzilandi. Tarehe 12 merikebu moja jina lake Niagara ilifika yenye wagonjwa ndani, na yenye Waziri Mkuu wa inchi, William Massey, akirudi kutoka Ulaya. Watu walinung'unika sana, wakisema kwamba merikebu haikuzuiwa juu ya ukubwa wa abiria wake. Wanahistoria wa leo wanaona kwamba merikebu nyingine pia ziliweza kuuleta ugonjwa. Lakini manung'uniko yale yatufundisha jambo: watu wakiona ao wakidhani kwamba sheria inawapisha wakubwa, hawaisadiki serikali tena hata inaposema kweli.

Shida kubwa ilikuwa nyingine. Siku zile sheria ilikuwa na orodha ya magonjwa ambayo kila mganga alipaswa kuyatangaza kwa serikali. Gripe haikuwamo. Ilihesabiwa kuwa ugonjwa mdogo wa kila mwaka, wa kulala siku mbili tatu na kuamka. Ni tarehe 6 Novemba tu ndipo serikali ilipoiandika katika orodha. Kwa siku nyingi, basi, makarani wa bandari waliona watu wakikohoa na kuanguka, lakini karatasi zilisema: hakuna neno.

Katika Nyuzilandi yenyewe watu kama 9.000 walikufa katika majuma machache. Serikali ilifunga sinema na shule. Ilifungua pia vyumba ambamo watu waliingia kwa makundi kupumua mvuke wa dawa ya zinki. Mvuke ule haukuzuia kitu. Tena kukusanya wazima na wagonjwa katika chumba kimoja pengine kulieneza ugonjwa. Jambo jema lilitoka kwa raia wenyewe: mitaa iligawanywa, watu wa kujitolea wakapita nyumba kwa nyumba wakileta supu na kutafuta wagonjwa waliokosa mtu wa kuwahudumia. Wamaori, wenyeji wa inchi, ndio walioumia kupita wengine: katika kila watu 1.000 wao walikufa karibu 50, hesabu inayozidi ile ya wazungu mara saba ao zaidi.

III. Merikebu Talune

Tarehe 30 Oktoba 1918 merikebu Talune iliondoka Auckland kwenda visiwani. Ilikuwa na karatasi safi ya afya, kwa sababu gripe haikuwa bado katika orodha. Ilipita kwanza Suva, katika visiwa vya Fiji. Wakubwa wa kule walikuwa na mashaka, wakakataza abiria kushuka. Tarehe 7 Novemba ilitia nanga Apia. Wagonjwa walikuwamo ndani. Kapiteni hakumwambia afisa wa bandari ginsi merikebu ilivyozuiwa Suva. Afisa akatazama, akaruhusu. Abiria wakashuka.

Apia kulikuwa na simu ya upepo. Ingalitosha Auckland kutuma maneno machache: merikebu inakuja, ugonjwa mbaya uko kwetu, angalieni. Maneno hayo hayakutumwa. Siku ya kutangaza gripe katika orodha ya sheria ilikuwa tarehe 6. Talune ilifika tarehe 7.

Katika siku chache vijiji vizima vililala. Ugonjwa huu ulikuwa na tabia ya ajabu: haukutafuta hasa wazee wakongwe na watoto wachanga, bali watu wenye nguvu. Inahesabiwa kwamba wanaume 30 kwa mia walikufa, wanawake 22 kwa mia, watoto 10 kwa mia. Walioondoka ndio waliolima, waliovua samaki, waliopika. Kwa hiyo njaa ilifuata nyuma ya homa. Wengine walikufa wala si kwa ukali wa ugonjwa, ila kwa kukosa mtu wa kuwapa maji. Maiti zilikusanywa kwa magari na kuzikwa pamoja katika mashimo makubwa, pasipo heshima ambazo Wasamoa huwapa wafu wao. Jumla ya wafu ilikuwa kama 8.500.

IV. Majibu mawili

Tuvuke sasa bahari nyembamba kwenda Pago Pago. Poyer hakuwa na dawa kupita Logan. Alikuwa na kitu kimoja tu: alisikia habari kwa simu ya upepo, akazisadiki. Mwezi ule wa Novemba aliamuru kila merikebu izuiwe na watu wake waangaliwe kabla ya kushuka. Lakini mwambao ni mrefu, na Wasamoa wa sehemu zote mbili walikuwa wakitembeleana kwa mitumbwi. Askari wachache wangefanya nini? Poyer aliwaeleza machifu jambo lenyewe, nao wakaweka walinzi wa vijiji kando ya bahari kusudi hakuna mtumbwi utakaotia pwani. Tufikiri ulikuwa mzigo gani kwao: waliokuwa wakizuiwa ni shemeji zao na wajomba zao, waliokuwa wakikimbia kifo. Ulinzi huo haukuisha upesi. Ulidumu mpaka mwaka wa 1920. Bahati pia ilimsaidia Poyer, maana Talune haikupita kwake. Lakini bahati ya siku moja haiwezi kulinda mlango kwa mwaka mzima na zaidi.

Poyer alituma pia neno kwa Logan, akiuliza kama angeweza kumsaidia. Alikuwa na waganga. Logan hakujibu. Zaidi ya hayo, alipoona kwamba Pago Pago wanazuia barua na merikebu kutoka kwake, alikasirika, akakata maongezi ya simu ya upepo kati ya sehemu hizo mbili. Msaada wa waganga ulitoka mbali, katika merikebu Encounter ya Australia, iliyofika Apia tarehe 3 Desemba. Kwa wengi ilikuwa imechelewa.

Tusimhukumu Logan kama mtu asiye na kazi wala taabu. Watumishi wake walikuwa wagonjwa, mji wote ulikuwa umelala. Lakini mkubwa anayekataa mkono wa jirani kwa sababu ya hasira hakatai kwa ajili yake mwenyewe. Anakataa kwa ajili ya wale waliolala mikekani, ambao hakuna aliyewauliza.

V. Hesabu iliyodaiwa

Mwaka wa 1919 serikali ya Nyuzilandi iliweka Komisioni ya kuchunguza. Jambo hili lahesabiwa kwa sifa yake: komisioni ilikwenda Samoa, ikasikia mashahidi, na haikuficha kwamba ugonjwa uliletwa na Talune, wala kwamba msaada wa Pago Pago haukupokewa. Mwaka wa 1920 Nyuzilandi ilitunga sheria mpya ya afya, na kupanga upya idara yake ya afya.

Lakini kwa Wasamoa karatasi hazikutosha. Tayari mwezi wa Januari 1919 wazee wa baraza lao waliomba kutolewa katika mikono ya Nyuzilandi. Ombi lile halikukubaliwa. Uchungu ukabaki chini kama moto wa makaa. Katika miaka ya 1920 ukawa mojawapo ya mizizi ya Mau, chama cha kudai utawala wao wenyewe. Tarehe 28 Desemba 1929 askari waliwapiga bunduki watu wa Mau katika njia za Apia, na chifu mkubwa Tupua Tamasese Lealofi III akafa. Samoa ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962. Miaka 40 baadaye, katika mwezi wa Juni 2002, Waziri Mkuu wa Nyuzilandi, Helen Clark, alisimama Apia akaomba radhi mbele ya watu: juu ya merikebu ile, na juu ya risasi zile. Waliohusika walikuwa wamekwisha kufa karibu wote. Hata hivyo watu walilia.

VI. Tunajifunza nini?

Kwanza, kwamba habari ya kweli, ikipelekwa mapema, ni dawa pahali dawa haiko. Kati ya Auckland na Apia hakuna aliyetaka kuua. Kila mmoja alingoja mwingine aseme.

Pili, kwamba amri peke yake hailindi mwambao. Pago Pago iliokolewa na watu walioelezwa sababu, wakakubali taabu yake.

Tatu, kwamba kiburi cha mkubwa kina hesabu yake, na wanaoilipa ni wengine.

Mambo haya hayako kwa serikali tu. Katika vijiji vyetu, mara nyingi padri ao katekista ndiye wa kwanza kusikia kwamba nyumba fulani ina ugonjwa mgeni, na ndiye anayeulizwa kama neno la waganga ni kweli ao uongo. Akinyamaza kwa kuogopa kuleta fujo, anafanya kama Auckland. Akikataa msaada kwa sababu unatoka kwa watu asiopatana nao, anafanya kama Apia. Na atakapowafariji waliofiwa kwa kutaja mapenzi ya Mungu, ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe alitimiza sehemu yake.

Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoanza kuzunguka dunia, Samoa ilifunga milango yake mapema sana. Walikuwa wamesimuliwa na babu zao.