Wavulana 18 wa Maskati na kanisa la visiwani

Mwaka 1896 wavulana 18 wa Kiafrika, waliookolewa kutoka biashara ya watumwa, walikabidhiwa mmisionari kijana wa Kimarekani mjini Maskati. Miaka 32 kabla ya hapo, wavulana watano wa aina hiyohiyo walikabidhiwa askofu wa Kiingereza mjini Zanzibar. Wale watano wa kisiwani walikuwa chanzo cha kanisa ambalo lipo hadi leo. Wale 18 wa Maskati hawakuacha usharika wowote. Yafuatayo ni maandishi ya makala ya historia yaliyotayarishwa na mtayarishaji wetu aliyeko Oman.

Wapenzi wasikilizaji, Maskati na Zanzibar ni miji miwili iliyofungwa pamoja na pepo mbili. Kaskazi iliyashusha majahazi kutoka Uarabuni hadi Unguja, Pemba na Mombasa, na kusi ikayarudisha yakiwa na pembe za ndovu, boriti za mikoko, karafuu, na kwa miaka mingi, binadamu. Familia moja ya watawala, Al Busaidi, ilizitawala pande zote mbili za bahari hadi alipofariki Sayyid Said bin Sultan mwaka 1856. Mwaka 1861 uamuzi wa Waingereza ukaitenganisha rasmi milki hiyo, Zanzibar ikabaki kwa mwanawe Majid na Maskati kwa mwanawe Thuwaini. Pepo za msimu hazikujali mgawanyo huo, na wafanyabiashara nao hawakuujali.

Mwaka 1873 mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alizunguka bahari hii akidai biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani Turki bin Said alitia saini mkataba mjini Maskati. Mwezi Juni ndugu yake, Sultani Barghash, akatia saini wa kwake mjini Zanzibar, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hata hivyo, kufunga soko si kufunga bahari. Majahazi ya Sur, bandari ya mashariki ya Oman, yaliendelea kusafiri, na baadhi ya manahodha walipata hati na bendera za Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiweze kuyapekua. Ugomvi wa bendera hizo ulifika hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu yake mwaka 1905.

Watoto waliokutwa ndani ya majahazi hayo waliandikwa kuwa huru. Lakini walikuwa huru kwenda wapi? Wengi walikuwa wametekwa mbali na pwani, hawajui njia ya kurudi kwao, na hata wangeijua, njia hiyo ilikuwa mikononi mwa watu walewale waliowauza. Waliookolewa upande wa Maskati kwa kawaida walipelekwa Bombay. Waliookolewa karibu na Afrika ya Mashariki, baadhi yao walikabidhiwa kwa wamisionari.

Tuanze na wale watano. Askofu William Tozer, na pamoja naye Dakta Edward Steere, walifika Zanzibar mwaka 1864 wakitokea bara, ambako Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, maarufu kama UMCA, ilikuwa imeshindwa. Kituo chake cha kwanza cha Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, kilikuwa kimevurugwa na homa, njaa na vita, na askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa mwaka 1862. Kwa hiyo kisiwa kilikuwa mahali pa kukimbilia, na wapo waliomlaumu Tozer kwa kukimbia. Sultani Majid aliwapokea, na katika mwaka huohuo akawapa wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi. Mwaka 1879 Swedi alipewa daraja la ushemasi.

Kati ya siku aliyopokewa na siku aliyowekewa mikono ilipita miaka 15, na ni kwa kazi iliyofanyika katika miaka hiyo ndipo tunapoweza kuelewa jinsi usharika mdogo wa kisiwani ulivyopata mizizi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya lugha. Watoto waliofikishwa misheni walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazigua na wengineo, na hawakuwa na neno moja la pamoja. Steere hakuwapa Kiingereza kiwe neno hilo. Alikaa na wenyeji wa Unguja akajifunza Kiswahili chao, akachapisha kitabu cha sarufi na msamiati mwaka 1870, na mtambo wa misheni ukawa ukitoa vitabu vya kusomea, hadithi na sala kwa lugha hiyo. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake. Kuanzia mwaka 1888 Kiungani, ilipokuwa shule ya wavulana, kulikuwa na jarida la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Wanafunzi wa hapo walisimulia pia jinsi walivyotekwa na kuuzwa, na mwalimu wao, A. C. Madan, akazitafsiri simulizi hizo na kuzichapisha kitabuni mwaka 1887. Kwa ajili hiyo leo tunaweza kusoma maneno ya watoto wenyewe kuhusu usiku waliochukuliwa.

Kazi ya pili ilikuwa ya ardhi na nyumba. Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba Mbweni, kusini mwa mji. Hapo palijengwa kijiji ambamo watu waliokombolewa walipewa kibanda na kipande cha kulima. Palikuwapo pia shule ya wasichana, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Bibi Caroline Thackeray, ambaye aliishi Mbweni hadi kufa kwake mwaka 1926. Wavulana wa Kiungani walioa wasichana wa Mbweni. Walizaa watoto waliobatizwa, wakazikwa katika ardhi waliyoilima. Kanisa lilikuwa na babu na wajukuu.

Kazi ya tatu, na pengine iliyokuwa ngumu kuliko zote kwa Wazungu wenyewe, ilikuwa ya kuwapa Waafrika madaraka. Mwaka 1876 Steere aliongoza msafara wa watu waliokombolewa kutoka Zanzibar kwenda bara, na kijiji chao kikaanzishwa Masasi. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni na kulelewa Kiungani, alipewa upadri, akiwa Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kufikia daraja hilo. Alihudumu miaka mingi Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo. Tusitie chumvi: wamisionari waliendelea kushika funguo, na dayosisi ya Zanzibar iliongozwa na maaskofu Waingereza hadi miaka ya 1960. Lakini ibada ya Jumapili, shule ya kijiji na kitanda cha mgonjwa vilikuwa mikononi mwa walimu na mashemasi wa Kiafrika tangu mapema.

Wenye mji nao walikuwa na sehemu yao. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo liliwekwa Mkunazini siku ya Krismasi ya mwaka 1873, katika uwanja wa soko lililofungwa miezi michache tu kabla. Sultani Barghash, Mwislamu katika mji wa Waislamu, alitoa saa ya mnara. Pemba, baada ya utumwa kuondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1897, Waquaker wa Uingereza walinunua shamba la Banani, karibu na Chake Chake, ili waliokuwa watumwa wapate kazi ya mshahara katika mikarafuu. Usharika wao ulikuwa mdogo na umebaki mdogo. Wakristo wa visiwani hadi leo ni wachache sana katikati ya jamii ya Kiislamu. Hata hivyo, kutoka miongoni mwao ametoka mtu kama Augustino Ramadhani, aliyezaliwa Unguja mwaka 1945, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na baada ya kustaafu akawekewa mikono kuwa padri.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, tuvuke bahari kwa upepo wa kusi tuje huku Maskati.

Mkristo mmoja aliyekuja hapa kwa nia ya kuhubiri na kubaki alikuwa mzee. Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Lahore, alikwisha kustaafu alipowasili mwezi Februari 1891, akiwa na umri wa miaka 66. Hakuwa na chama kilichomtuma. Alisoma vitabu vyake vya Kiarabu, akazungumza na aliyetaka kuzungumza naye, na tarehe 14 Mei mwaka huohuo joto likamwua. Amezikwa katika hori dogo lililozungukwa na majabali, karibu na mji.

Miaka miwili baadaye alikuja Peter Zwemer, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1868. Kaka yake, Samuel Zwemer, na James Cantine walikuwa wameianzisha Misheni ya Uarabuni mwaka 1889 huko New Brunswick, katika jimbo la New Jersey. Mpango wa misheni hiyo ulisema kazi itakuwa miongoni mwa Waislamu, na ukawataja waziwazi watumwa kuwa sehemu ya kazi hiyo. Kwa hiyo mwaka 1896, ofisi ya konsuli wa Uingereza ilipokuwa na wavulana 18 wasio na pa kwenda, Peter Zwemer hakusita. Aliwachukua nyumbani kwake, akawavisha, akawalisha na kuanza kuwafundisha. Ni mzigo mzito kwa mwanamume wa miaka 28, bila mke wala msaidizi wa kutosha, katika mji ambao nyakati za kiangazi hata mawe ya majabali yake hayapoi usiku.

Mzigo huo, pamoja na homa, ulimmaliza. Mwaka 1898 alirudishwa kwao akiwa mgonjwa, na mwezi Oktoba akafariki New York, ana miaka 30. Aliyekuja kushika nafasi yake, George Stone, alifariki Oman mwaka 1899 kabla ya kutimiza mwaka mmoja kazini. Cantine alibeba kazi iliyobaki. Wavulana walikua, wakatawanyika kutafuta riziki, na shule ikaisha.

Si haki kusema kwamba Zwemer aliwapenda wavulana wake kidogo kuliko Steere alivyowapenda wa kwake. Ushahidi wa kaburi unasema vinginevyo. Lakini Maskati hapakuwa na Mbweni, yaani kijiji chenye mashamba na wasichana wa kuoa. Hapakuwa na Kiungani, yaani chuo cha kumtoa mvulana katika utoto hadi ualimu. Na lugha ya misheni ya Maskati ilikuwa Kiarabu, kwa sababu macho yake yalielekezwa kwa Waarabu. Mvulana wa Kiafrika alipata bwana mwema badala ya bwana mbaya. Bwana huyo alipokufa, hapakuwa na jamaa wa kumrithi. Kwenye kitabu cha Samuel Zwemer kuhusu Uarabuni, kilichochapishwa mwaka 1900, imo picha ya wavulana hao. Nyuso zao tunaziona. Kitabu cha simulizi zao, kama kile cha Kiungani, hatuna.

Misheni ya Maskati iligeukia tiba, na hapo ndipo ilipopata nafasi katika mioyo ya watu. Dakta Sharon Thoms alifariki Matrah mwaka 1913, na mwanawe, Dakta Wells Thoms, alirudi Oman mwaka 1939 akatibu watu hadi mwaka 1970. Hospitali ya Matrah, iliyofunguliwa miaka ya 1930, iliwapokea mashekhe na wavuvi kwa mlango mmoja. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka, utumwa ukafutwa rasmi nchini Oman, na katika miaka iliyofuata hospitali za misheni zikaingizwa katika huduma ya afya ya serikali.

Sultani huyo alitoa pia viwanja vya makanisa, kwanza Ruwi na baadaye Ghala. Leo katika viwanja hivyo wanasali Wahindi, Wafilipino, Wazungu na Waafrika, kila kundi kwa saa yake na lugha yake. Sheria inaruhusu ibada katika maeneo yaliyotengwa, na inakataza kuwahubiria Waislamu ili wabadili dini. Ni makanisa ya wageni wenye mikataba ya kazi, ambao siku moja watarudi kwao.

Kiswahili nacho kipo Maskati, tena kwa wingi. Kililetwa na familia zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa zile zilizorejea baada ya mwaka 1970. Wengi wa wanaokizungumza ni Waislamu, na historia ya wavulana 18 huenda ikaonekana kwao kuwa ya watu wengine. Si hivyo. Watoto wale waliletwa na majahazi yaleyale, kwa upepo uleule, yaliyowaleta na kuwapeleka mababu wa wengi wanaoishi pande zote mbili za bahari hii. Aliyewauza, aliyewanunua, aliyewakomboa na sultani aliyewafadhili wenzao wote wamo katika historia moja, na hakuna anayeweza kuchagua ukurasa mmoja tu na kuuacha mwingine.

Kwa wale wanaojiuliza jinsi ya kuusaidia usharika mdogo, iwe wa kisiwani au wa ugenini, wa Kikristo au wa dini nyingine yoyote, Mkunazini na Maskati zinatoa jibu lilelile. Fedha na moyo wa kujitolea vilikuwapo kote kuwili, na makaburi ya wageni yapo kote kuwili. Kanisa lilibaki pale ambapo waliosaidiwa walipewa lugha ya kusemea, ardhi ya kusimamia, na kazi ya kuwaongoza wenzao.