Walikataa Kiapo, Wakakataa na Bunduki

Katika sherehe hii ya ushirika wetu, panda nami kwanza kilima cha Namirembe, hapa Kampala. Septemba 1929, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana hapo wakasoma Neno na kuomba. Moto ule ukawaka Gahini, Rwanda, na mwaka 1937 timu kutoka Gahini ikaufikisha Kabete, karibu na Nairobi. Watu wake tunawaita Balokole, yaani waliookoka. Hawakuwa Wapentekoste, wengi walibaki Waanglikana, lakini ni baba zetu katika wokovu.

Mtihani ukaja Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Kenya. Mau Mau walidai ardhi, na ardhi ilikuwa imechukuliwa kweli. Lakini walitaka Wakikuyu wote wale kiapo, na mara nyingi kiapo kilikuwa na damu na nyama ya mbuzi. Waliookoka wengi wakakataa: walikuwa wameshaipokea damu ya Yesu, hawakutaka kuichanganya na nyingine. Kuna waliopigwa, kuna waliouawa.

Sasa hapa ndipo penye somo. Serikali nayo ikawaambia, kama hamtaki Mau Mau, basi ingieni homugadi, mshike bunduki. Wengi wakakataa tena! Utampigaje risasi mtu ambaye jana ulikuwa unamwombea aokoke? Wakabaki katikati bila ulinzi. Huku wanaitwa vibaraka wa wazungu, huku wanashukiwa kuwa ni Mau Mau.

Mpendwa, kumkatalia adui si kazi kubwa sana kama nyuma yako kuna bunduki ya rafiki. Ndugu hawa walikataa na ya rafiki pia.

Nakukumbusha haya kwa sababu ushirika wetu una watu wa nchi nyingi, na kwingine vita bado inaita vijana kwa jina la kabila. Sisemi askari si mtu wa Mungu. Kornelio alikuwa akida, na Roho Mtakatifu akashuka nyumbani kwake. Nasema hivi: kijana akija kwako akakwambia, "Mchungaji, dhamiri yangu inakataa kuua," usimwite mwoga. Mfungulie mlango, mpe chakula, omba naye. Inawezekana ni moto uleule wa Namirembe.