Ayala, Gobori na Ardhi ya Ukoo

Bunduki yenye risasi moja humfundisha mwindaji adabu ambayo bunduki ya risasi nyingi haimfundishi. Mwenye nyingi akikosa hujaribu tena. Mwenye moja akikosa hurudi nyumbani. Kila mwaka, baada ya Krismasi, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, watu huingia msituni na gobori za gumegume kumwinda ayala mwenye mkia mweupe. Baadhi yao huwinda katika mashamba waliyorithi kwa baba na babu. Mawindo ya namna hiyo yakifanikiwa, furaha ya jamaa huwa kubwa, kwa kuwa nyama imepatikana, na imepatikana nyumbani. Lakini historia huuliza swali moja: ardhi ni ya ukoo, je, mnyama ni wa nani?

Ayala si kulungu wa misitu ya Afrika, ingawa kwa mbali hufanana naye. Pembe za kulungu hudumu maisha yake yote. Pembe za ayala dume huanguka kila mwaka, zikaota nyingine. Jina lake wasomaji wa Zaburi wanalijua. Gobori nayo si ngeni kwa Waswahili, maana katika karne ya 19 ilishushwa pwani kwa maelfu, ikapanda bara pamoja na misafara. Kuishindilia ni kazi ya taratibu. Baruti, yaani mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, hupimwa ikamiminwa mdomoni mwa mtutu. Risasi ya mviringo hufungiwa kitambaa kilichopakwa mafuta, ikasukumwa kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti. Kisha baruti laini kidogo hutiwa katika kibakuli cha chuma kilicho kando ya mtutu. Mtambo ukifyatuliwa, gumegume hugonga chuma, cheche huanguka kibakulini, na moto hupenya tundu dogo mpaka ndani. Unyevu kidogo waweza kuharibu yote. Mafundi wa Kijerumani na wa Kiswisi waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18 waliunda bunduki hizo kwa mtutu mrefu uliochongwa mifuo ndani, ili risasi izunguke na kushika njia yake.

Wahamiaji waliotoka Uingereza walikuwa wameacha nyuma nchi ambayo mawindo yalikuwa haki ya wachache. Sheria ya mwaka 1671 ilimzuia kuwinda mtu wa kawaida asiyekuwa na ardhi yenye pato la pauni 100 kwa mwaka. Mwenye shamba dogo aliweza kumwona sungura akila mboga zake, asiwe na ruhusa ya kumuua. Mwaka 1723 Bunge liliweka adhabu ya kifo kwa watu walioficha nyuso zao au kushika silaha wakaenda kuwinda ayala katika misitu ya wakubwa, na sehemu kubwa ya sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1823. Huko, basi, jibu la swali lilikuwa wazi: mnyama alikuwa wa bwana.

Pennsylvania ilichagua njia nyingine. Katiba ya koloni ya mwaka 1683 iliwapa wakazi uhuru wa kuwinda katika ardhi waliyoishika na katika ardhi nyingine zote zisizozungushiwa ua, na katiba ya jimbo ya mwaka 1776 ikaurudia uhuru huo. Maskini aliyenyimwa sungura wa Uingereza akapata ayala wa Marekani. Hata hivyo, uhuru wa mmoja ulijengwa juu ya hasara ya mwingine. Ardhi hiyo ilikuwa ya Walenape, waliomwinda ayala humo kwa karne nyingi, wakala nyama yake na kuvaa ngozi yake. Mwaka 1737 wana wa William Penn walidai kwamba kuna mapatano ya zamani yanayowapa ardhi kiasi cha mwendo wa mtu kwa siku moja na nusu. Walenape walidhani ni mwendo wa kawaida. Wenzao wakachagua watu wenye mbio, wakawatengenezea njia mapema, na Walenape wakapoteza nchi kubwa. Ni vema anayesema "ardhi ya babu yangu" akumbuke kuwa babu wa mwingine alitangulia.

Uhuru usio na kiasi nao ulizaa msiba. Katika karne ya 19 misitu ilikatwa, reli zikafika kila mahali, na wawindaji wa biashara wakapeleka nyama na ngozi mijini bila kuhesabu. Bunduki mpya, zilizotiwa risasi kwa nyuma, ziliharakisha mauaji. Ilipofika mwaka 1900, ayala wa mkia mweupe katika Marekani nzima walikadiriwa kuwa chini ya nusu milioni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ayala alikuwa mali ya kila mtu, na kwa hiyo hakuna aliyemwekea daftari.

Daftari lilikuja kwa sheria. Pennsylvania iliunda tume ya wanyama wa mawindo mwaka 1895. Mwaka 1900 serikali ya Marekani ilikataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1906 Pennsylvania ilianza kuleta ayala kutoka nje ya jimbo na kuwaachia misituni, na mwaka 1907 ikakataza kuua majike. Ayala wakaongezeka hata, katika miaka ya 1920, wingi wao ukawa adha kwa mashamba na miche ya msitu. Ikabidi majike nao wawindwe kwa hesabu. Na mwaka 1971 katiba ya jimbo iliongezwa kifungu kisemacho kwamba mali ya asili ya umma ni ya watu wote, hata wa vizazi visivyozaliwa bado, na kwamba serikali ni mdhamini tu.

Ndipo gobori iliporudi. Mwaka 1974 Pennsylvania ilifungua majira maalumu ya bunduki za gumegume. Mwindaji wa majira hayo husimama katika baridi, amekinga mtambo wake na theluji, akimngoja ayala akaribie. Baruti ikishika, moshi mweupe hufunika kila kitu, naye hajui kama amepata au amekosa mpaka moshi upite. Akifuata damu akamkuta mnyama ameanguka, jambo la kwanza si kumchuna. Ni kumfunga cheti, aingizwe katika hesabu ya jimbo. Sheria humheshimu mkulima: jamaa wanaoishi shambani na kulilima daima waweza kuwinda humo bila leseni. Lakini majira ni yale yale, na idadi ni ile ile. Ua wa shamba humzuia mtu mgeni. Haumzuii ayala, ambaye jana alilala kwa jirani na kesho angalilala kwa mwingine.

Jibu la swali, basi, limebadilika mara mbili. Kwanza mnyama alikuwa wa bwana, na maskini akaona njaa. Kisha akawa wa yeyote mwenye bunduki, na msitu ukawa mtupu. Mwisho akawa wa wote, pamoja na wasiozaliwa, na msitu ukajaa tena. Mwindaji aliyefanikiwa katika ardhi ya ukoo wake amepokea riziki kutoka katika amana. Ardhi aliachiwa na waliokufa. Ayala ameazimwa na watakaozaliwa. Na kati ya hao wawili yeye amepewa risasi moja.