Mnyonya Damu wa Sinema na Mumiani wa Ugogo

Watu hujifunza historia kwa njia nyingi. Wachache huisoma vitabuni, wengi huisikia kwa wazee, na katika siku zetu hizi walio wengi zaidi huitazama katika sinema. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa historia hana budi kuyasikiliza maoni ya watazamaji, hata kama picha yenyewe ni ya mchezo na haina dai la ukweli. Katika insha hii nataka kueleza maoni matatu niliyoyasikia Gulwe juu ya sinema moja ya mnyonya damu, na jinsi maoni hayo yalivyonirudisha katika historia ya Ugogo yenyewe.

Gulwe ni kituo cha Reli ya Kati, kusini ya mji wa Mpwapwa. Mto Kinyasungwe hupita karibu, na mvua ikizidi mto huo huiharibu reli na kukata safari. Nilikwenda huko kumzuru ndugu yangu, na jioni moja vijana wakanichukua katika kibanda cha kuonyeshea picha, ambacho wao hukiita kibandaumiza, kwa jinsi mtu anavyobanwa ndani yake. Picha iliyoonyeshwa ilikuwa Dracula Untold, iliyotolewa mwaka 2014. Sauti ya mtafsiri wa Kiswahili ilikuwa imetiwa juu ya Kiingereza, naye hakutafsiri tu, bali alicheka, alionya na alihukumu.

Kisa cha picha ni hiki. Mfalme mdogo aitwaye Vlad anatawala nchi ya milimani. Sultani Mehmed wa Waturuki anamdai wavulana elfu moja wawe askari wake, na mwana wa Vlad mwenyewe awe miongoni mwao. Vlad hana jeshi la kutosha. Anapanda mlimani, anaingia pangoni, anakunywa damu ya kiumbe wa kutisha, na kwa kunywa huko anapata nguvu za watu mia. Akiweza kuvumilia kiu ya damu siku tatu, atarudi kuwa mtu. Akishindwa, atabaki mnyonya damu milele. Anashindwa kwa ajili ya mwanawe, na mwishoni anamwua Sultani kwa mkono wake.

Tulipotoka nje mazungumzo yalianza. Kijana mmoja alisema kuwa mambo yale ni ya kweli, kwa kuwa Sultani ametajwa kwa jina na nchi imetajwa kwa jina. Mwalimu mmoja alisema kuwa ni upuuzi mtupu, na kwamba watu wanaozungumza habari za wanyonya damu ni wajinga wanaoirudisha nchi nyuma. Mzee mmoja, aliyekuwa ameketi nje akisikiliza sauti ya mtafsiri bila ya kuona picha, alikuwa na neno la tatu. Alisema, "Mnyonya damu ni yule Sultani. Ndiye aliyedai watoto wa watu."

Na tuanze na neno la kijana. Vlad alikuwako. Alitawala Walakia, nchi iliyo sehemu ya Rumania ya leo, kwa vipindi vitatu: mwaka 1448, tena tangu 1456 mpaka 1462, na mara ya mwisho mwaka 1476. Utotoni yeye na ndugu yake Radu waliwekwa rehani kwa Waturuki. Desturi ya Waturuki ya kutwaa wavulana wa Kikristo na kuwafanya askari ilikuwako pia. Mehmed wa Pili, aliyeuteka mji wa Konstantinopoli mwaka 1453, alikuja kupigana na Vlad mwaka 1462, na usiku mmoja wa Juni Vlad alishambulia kambi yake akikusudia kumwua. Hakufaulu. Mwaka ule ule alipoteza enzi, Radu akawekwa mahali pake, naye akafungwa na mfalme wa Hungaria. Vlad alikufa karibu na mwisho wa mwaka 1476 au mwanzo wa 1477. Mehmed aliishi mpaka 1481. Kwa hiyo picha imemwua Sultani kwa mkono wa mtu aliyetangulia kufa.

Na unywaji wa damu ulitoka wapi? Adui za Vlad waliandika habari za ukatili wake, na vitabu vidogo vya habari hizo vilipigwa chapa katika nchi za Wajerumani akiwa angali hai na baada ya kufa kwake. Katika mengi yaliyosemwa, jambo lililo dhahiri ni kwamba aliua watu wengi kwa kuwachoma vijiti. Hakujulikana kuwa mfu anayefufuka. Jambo hilo aliongezewa karne nne baadaye na Bram Stoker, mwandishi wa Ireland, ambaye riwaya yake Dracula ilitoka mwaka 1897. Stoker alilikuta jina hilo katika kitabu cha Mwingereza juu ya Walakia, akalipenda, akalitwaa. Basi kijana wa Gulwe hakukosa aliposema kuwa majina ni ya kweli. Alikosa kudhani kuwa jina la kweli hudhamini tendo lililofungwa nalo.

Sasa natazama neno la mzee, kwa kuwa limebeba zaidi. Katika nchi yetu mnyonya damu ana jina la zamani kuliko sinema: mumiani. Asili ya neno ni Kiajemi, nalo liliitaja dawa nyeusi mfano wa lami iliyouzwa katika bandari za Bahari ya Hindi. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 imelieleza neno hilo, na imetaja pia imani ya watu kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Zama za ukoloni imani hiyo ilipata watu wa kushukiwa. Katika Kenya na Uganda walishukiwa wazima moto, wenye magari mekundu na mipira ya kuvuta maji. Katika Tanganyika walisemwa mumiani na chinjachinja. Mwaka 1947 umati wa watu wa Mombasa ulikishambulia kituo cha wazima moto. Mwaka 1959, katika Buguruni ya Dar es Salaam, fujo iliyotokana na hofu ya mumiani ilimwua askari polisi mmoja.

Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alichapisha mwaka 2000 kitabu kizima juu ya habari hizi. Rai yake ni kwamba uvumi wa namna hii ni hazina kwa mwanahistoria, kwa maana huonyesha jinsi watu walivyouona utawala uliowachukua, ukawapima na ukawatumia bila ya kuwaeleza. Nikiwa Gulwe naona rai hiyo ina nguvu. Tazama yaliyoipata Ugogo. Katika vita vya kwanza vya dunia Wajerumani walitwaa ng'ombe na nafaka. Waingereza walipoingia Dodoma, Julai 1916, nao walitaka chakula na wapagazi, wakachukua watu kwa maelfu. Mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, tangu 1917 mpaka 1920, Wagogo huiita Mtunya. Baadaye, mwaka 1947, mitambo mikubwa ilikuja Kongwa kulima karanga kwa faida ya Uingereza, na mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, umeshindwa. Mtu wa nchi kama hiyo akisikia kwamba Sultani amedai wavulana elfu moja, hahitaji kuambiwa nani mnyonya damu. Mzee yule alinieleza kuwa babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Picha ya Ulaya ilikuwa imempa mfano wa habari ya nyumbani kwake.

Lakini hapa ndipo inapotupasa kusimama. Mfano wa maneno ukigeuzwa kuwa shitaka juu ya mtu, huua. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, iliyo jirani ya wilaya ya Mpwapwa, waliuawa watafiti wawili na dereva wao. Walitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha. Walikuwa wamekuja kuchukua udongo ili uchunguzwe. Ilisemwa kuwa ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika, wakawaua, wakawachoma moto pamoja na gari lao. Mwaka uliofuata hofu ya namna hiyo ilileta mauaji kusini ya Malawi, hata Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya. Watu watatu wa Chamwino hawakuwa mfano wa kitu chochote. Walikuwa na jamaa waliowangoja nyumbani. Mwanachuoni anayefurahia uvumi kwa sababu una maana nyingi, asisahau kuwahesabu waliokufa kwa sababu yake.

Je, basi mwalimu ndiye aliyesema kweli? Alisema kweli kwamba hakuna mnyonya damu. Aliposema kuwa ujinga ndio sababu yote, alipunguza mno. Watu wa Ulaya walipita njia hii hii. Mwaka 1725, na tena miaka michache baadaye, wanavijiji wa Serbia chini ya utawala wa Austria walifukua makaburi, wakachoma maiti zilizosemwa kuwa zinanyonya damu ya walio hai, na maofisa wa dola waliziandika habari hizo. Mambo yaliendelea mpaka mwaka 1755, Malkia Maria Theresa alipomtaka tabibu wake, Gerard van Swieten, achunguze. Tabibu aliandika kuwa hali zile za maiti zina sababu za maumbile, na Malkia akakataza kufukua makaburi bila ya idhini. Dharau ilikuwako siku zote na haikumponya mtu. Kilichosaidia ni uchunguzi, maelezo na sheria, vyote pamoja.

Dharau ina historia yake hapa kwetu pia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara palikuwa makao ya jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, na wakati ule na baadaye wakuu wengi wa ukoloni walishika kuwa mtazamaji wa Kiafrika hawezi kupambanua hila ya picha na jambo la kweli. Watazamaji wa Gulwe wanakanusha dhana hiyo. Hakuna aliyetoka kibandani akimtafuta Vlad vichakani. Waliijua picha kuwa picha, kisha wakabishana juu ya maana yake, kama wafanyavyo wasomi. Hatari ya Iringa-Mvumi haikutoka katika sinema. Ilitoka katika gari geni, vifaa vigeni, na watu waliochimba udongo wa wenyewe kabla ya wenyewe kuelewa sababu.

Hili ndilo neno ninalotaka kulishika. Habari ya mnyonya damu ni ushahidi wa hofu. Si ushahidi wa tendo. Anayeiamini huifanya ushahidi wa tendo, akatafuta mtendaji. Anayeidharau naye huipima kwa tendo tu, akaiona tupu, akaitupa pamoja na hofu iliyomo. Wote wawili huacha swali moja bila ya jibu: watu hawa waliogopa kuchukuliwa nini, na nani aliwahi kuwachukulia?

Wilaya ya Mpwapwa inajua kuchukuliwa kwa ajili ya elimu. Tangu zama za Wajerumani mji wa Mpwapwa umekuwa makao ya utafiti wa mifugo, na ng'ombe aliyezalishwa huko amepewa jina la mji. Mfugaji wa karibu ameona sindano ikiingia shingoni mwa ng'ombe na damu ikitoka, naye akaelewa, kwa kuwa aliona pia dawa ikirudi na ndama wakipona. Palipo na marejeo, hofu hupungua. Mtafiti anayechukua udongo, damu au maneno, akaenda zake asirudi, huacha nyuma yake shimo, na uvumi huingia humo.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa yule mzee. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, kisha akautazama mkono wangu uliokuwa na daftari. Akaniuliza, "Na wewe, jana uliandika nini juu yetu?" Nakiri kuwa swali hilo lilinitia haya. Nilikuwa nimeyaandika maneno yake usiku, bila ya kumwomba ruhusa, nikakusudia kuondoka nayo. Nami pia nilikuwa mgeni mwenye chombo.

Nikaketi, nikamsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kuwa babu yake alichukuliwa na Wajerumani. "La," akasema, "Wajerumani walichukua ng'ombe. Babu alichukuliwa na Waingereza." Nikafuta, nikaandika upya mbele yake, naye akaniruhusu kuondoka na maneno hayo. Siku hizi gari la reli mpya, lililoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, humfikisha mgeni katika nchi hii kwa saa chache, na wageni wenye daftari na vifaa watazidi. Ni haki ya wenyeji kuwauliza swali aliloniuliza mzee, na ni wajibu wa wageni kulijibu kabla ya kuondoka.