Miezi 26 Kabla ya Umeme

Katika hati ya kitabibu ya Misri ya kale iitwayo Edwin Smith, ya yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, mtu aliyeteguka pingili ya shingo, asiyehisi mikono wala miguu, anahesabiwa kuwa na maradhi yasiyotibiwa. Huanzia hapo ninapofundisha historia ya tiba, kwa kuwa hukumu hiyo iliishi muda mrefu mno. Mwaka 1944, huko Stoke Mandeville, Uingereza, Ludwig Guttmann alianza kuonyesha kwamba majeruhi wa namna hii wanaweza kuishi na kufanya kazi. Kusimama tena ni jambo ambalo wachache walilitarajia.

Mwaka 2006 Rob Summers, mchezaji wa besiboli wa Marekani, aligongwa na gari akapooza kuanzia kifuani. Desemba 2009, huko Louisville, alipandikizwa elektrodi 16 juu ya utando wa ugwe wa mgongo, kwa kifaa kilichokuwa kikitumika kutuliza maumivu sugu. Ripoti ya mwaka 2011 katika jarida la The Lancet ilieleza kwamba alisimama akibeba uzito wake mwenyewe kwa dakika nne na robo, akisaidiwa kushika mizani tu.

Magazeti yalisifu umeme. Ripoti yenyewe, kwa yeyote aliyejitaabisha kuisoma, inaeleza kwamba kabla ya upasuaji Summers alifanyishwa mazoezi mara 170 katika miezi 26, kwenye mkanda unaotembea, huku wataalamu wakimshika nyonga na miguu. Umeme hauinui mguu. Unaziamsha neva zilizo chini ya jeraha, ili zipokee habari zitokazo kwenye nyayo na viungo. Mazoezi ndiyo yanayozifundisha kuitikia habari hizo. Mwaka 2018 kundi hilohilo lilieleza kuhusu wagonjwa wanne: wawili walitembea ardhini kwa kujishikiza, na mmoja wao alihitaji vipindi 278 katika wiki 85.

Hivi karibuni nilialikwa katika kikao kilichojadili majeruhi wa ajali za pikipiki. Ofisa mmoja, kwa nia njema kabisa, aliuliza bei ya kifaa hicho. Nami nikauliza idadi ya wataalamu wa mazoezi tiba walioajiriwa kuwahudumia majeruhi hao. Mwenyekiti alinishukuru, tukaendelea na ajenda iliyofuata.