Grafini: Tandiko ndilo huamua mwendo wa umeme

GRAFINI ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, nazo atomu hizo zimepangika mithili ya sega la nyuki. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliubandua kwa utepe wa kunata kutoka kwa grafaiti, ile ile ya penseli, na kutangaza matokeo yao mwaka wa 2004. Walituzwa Nobeli ya Fizikia mwaka wa 2010.

Tangu hapo grafini imesifiwa mno kwa kupitisha umeme. Sifa hiyo ina ukweli, ila wanaoitoa aghalabu husahau kueleza utando wenyewe umelazwa juu ya nini. Waya wa shaba una kina, na elektroni nyingi hupita mbali na ngozi yake. Grafini haina ndani. Kila atomu yake imo juu na chini kwa wakati mmoja, hivyo tandiko lake huigusa moja kwa moja.

Tandiko la kwanza lilikuwa oksaidi ya silikoni, jamaa ya kioo. Sababu mojawapo ilikuwa ya macho tu: oksaidi yenye unene wa nanomita 300 hivi huuwezesha utando huo kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Lakini kilichofaa macho hakikufaa elektroni. Oksaidi ina vinundu, na hunasa chaji zinazozipotosha elektroni njia. Isitoshe, atomu zake hutetema kwa joto, na mtetemo huo husumbua mkondo ulio juu yake.

Wepesi wa elektroni hupimwa kwa sentimita mraba kwa kila volti na sekunde. Juu ya oksaidi, kipimo huwa karibu 10,000. Mwaka wa 2008 watafiti walikadiria kwamba hata uchafu wote ukiondolewa, mtetemo wa oksaidi pekee ungekizuia kisipite 40,000 katika joto la chumba, ilhali grafini yenyewe ingefikia 200,000.

Mwaka wa 2010, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliilaza juu ya boroni nitraidi, fuwele bapa ambayo pia ina umbo la sega. Walipoifunika pande zote mbili mwaka wa 2013, kipimo kilifika 140,000 katika joto la chumba. Kasoro ni kwamba vipande bora vya fuwele hiyo ni vidogo mno kwa viwanda.

Hata hivyo, kasi si kila kitu. Grafini tupu haikubali kuzimwa kabisa, na swichi isiyozimika haiifai kompyuta. Mwaka wa 2024, watafiti wa Atlanta, Marekani, na Tianjin, Uchina, walionyesha kwamba tabaka la grafini lililoshikamana na kabaidi ya silikoni hugeuka nusu-kipitishi, yaani huweza kuwashwa na kuzimwa. Kipimo chake kilipita 5,000 tu, lakini hapo tandiko ndilo lililoipa grafini uwezo ambao haikuwa nao.